Ukungu Machoni pa Utepe

Naapa, na mkono wangu uko juu kama mnavyouona: haya nitakayoyasema ni kweli tupu, hayajatiwa chumvi hata punje. Mke wangu akipita hapa akacheka, msimjali. Anacheka ovyo tangu nimuoe.

Mimi ni fundi vioo mstaafu. Mtaani wananiita Mzee Kioo. Madirisha ya hapa karibu yote yamepita mikononi mwangu, na yale ambayo sikuyatia mimi mtayajua kwa upepo unaoingia. Kuna bwana mmoja nilimtilia kioo kisafi mpaka akakaa msimu mzima akidhani dirisha liko wazi, kila akiniona ananiuliza nitarudi lini kumalizia kazi. Hiyo nayo ni kweli.

Nyumbani tuko watatu: mimi, mke wangu, na mama yake. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa, wa kukutazama tu ukipita barabarani akajua kiuno chako. Kisha mtoto wa jicho akamwingia, jicho la kulia kwanza, halafu la kushoto, akawa anakaa dirishani siku nzima na cherehani yake imefunikwa shuka. Mwaka jana alipasuliwa. Siku alipofunguliwa bendeji sote tulisimama pale tukingoja neno la kutuliza. Akanitazama kifuani, akasema, "Mkwe, hiyo kola aliyeishona alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Tukalia kwa furaha. Mimi nililia zaidi, lilikuwa shati langu jipya.

Wa nne nyumbani ni Utepe.

Utepe ni nyoka. Aliletwa na kitindamimba wetu alipokuwa anaondoka kwenda chuo, ndani ya boksi la kadibodi lenye matundu. Akamwambia bibi yake, "Bibi, nitunzie huyu. Bado mchanga. Hana sumu, hana kelele, na hali sana."

"Basi ni afadhali kuliko baba yako," bibi akajibu, akafungua boksi.

Alikuwa wa kahawia, mwembamba kama kamba ya kiatu, amejiviringisha vizuri kama utepe wa kupimia nguo. Ndipo akapata jina. Mama mkwe alimtia kiganjani, nyoka akatoa ulimi, bibi naye akamtolea ulimi, na tangu siku hiyo wakawa kitu kimoja.

Mimi Utepe sikumwogopa. Hilo nataka liandikwe wazi. Nilimheshimu tu kwa umbali, umbali wa chumba kimoja hivi. Mtu aliyewahi kumkaba chatu kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika kioo cha duka zima, atamwogopaje nyoka wa kamba ya kiatu? Habari za yule chatu wazee wote wa kibandani kwa Wembe, kinyozi wetu, wanazijua. Nimewasimulia mara nyingi. Wembe anadai kila nikisimulia chatu anaongezeka urefu, lakini Wembe hana kumbukumbu.

Kwa kuwa kiumbe yule hakuweza kukaa kwenye kadibodi, nilimtengenezea nyumba. Sanduku la vioo vinne, pembe zimekaa sawasawa, mfuniko wa wavu, gome la mti la kujifichia, bakuli la maji. Nisiseme mengi. Nyoka wengine wangelipa kiingilio kuja kuliona.

Tatizo likawa ukungu.

Kila asubuhi mama mkwe alikuwa ananyunyizia maji mle ndani, eti kijana amemwambia nyoka huyu anahitaji unyevunyevu. Ikifika saa ya chai, vioo vyote vinne vimefunikwa na ukungu mzito mpaka inzi waliokuwa wakipita nje walikuwa wanapunguza mwendo. Sasa nawauliza, nyie watu wa haki: fundi vioo, aliyetumia maisha yake yote kupigana na ukungu, atakunywaje chai mbele ya kioo kama kile? Wageni wakija wataniambia nini? Kwamba Mzee Kioo ameshindwa na sanduku sebuleni kwake?

Nikaanza kufuta. Mama mkwe akienda kujilaza mchana, nachukua kitambaa, nafuta nje, nainua mfuniko nafuta ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo. Kesho yake ukungu umerudi. Nafuta. Unarudi. Ndipo nikakumbuka stoo yangu.

Mnavijua vile vipakiti vidogo vinavyowekwa ndani ya boksi la viatu vipya, vyenye chembe za kunyonya unyevu? Sisi mafundi tunazo chembe hizohizo kwa madirisha ya vioo viwili, tunazitia katikati ili ukungu usiingie. Nilikuwa na vipakiti vyangu vimebaki. Nikavifunga uzi, nikavishusha kimoja kimoja kwa fimbo mpaka chini ya gome. Utepe alikuwa amelala upande wa pili. Jasho jembamba lilinitoka, lakini ni kwa sababu ya joto.

Kuanzia hapo vioo vikang'aa. Mama mkwe alinyunyiza, chembe zikanywa. Nikanywa chai yangu kwa amani, na sikumwambia mtu.

Basi ikafika siku macho ya Utepe yakawa na rangi ya maziwa.

Mwanzoni hatukuogopa. Kijana alikuwa amekwisha kutueleza kwamba nyoka akikaribia kujivua gamba, macho yanakuwa meupe, na akishajivua yanarudi kung'aa. Mama mkwe akasubiri. Lakini gamba, badala ya kutoka zima kama soksi, lilitoka vipandevipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Na lilipokwisha kutoka, macho yalibaki vilevile. Meupe.

Siku ya kumlisha ndiyo iliyotukata maini. Mama mkwe alimshushia kipanya chake kwa koleo ndogo, kile cha dukani, ambacho huja kimeganda nawe unakiyeyusha. Utepe akainua kichwa, akatoa ulimi, akajirusha. Akauma bakuli la maji. Akajirusha tena, akauma gome. Mara ya tatu hakujirusha. Alirudi akajikunja pembeni, kichwa amekificha ndani ya mwili wake.

Mama mkwe aliweka koleo chini. Akavuta kiti chake mpaka kwenye sanduku, akakaa.

"Mama, twende ukale," mke wangu akamwambia.

"Nyie kuleni."

"Ni nyoka tu, mama."

Bibi hakugeuka. "Nyie hamjui," akasema. "Mnaniona nilikuwa nakaa dirishani, mnadhani nilikuwa napunga upepo. Nilikuwa nasikia kijiko kinaanguka, sijui kiko wapi. Nasikia mtu kasimama mbele yangu, sijui kama ananicheka. Mimi nilikuwa mzee, nimeshaviona vya kuona. Huyu ni mtoto. Ataanzaje maisha gizani?"

Mke wangu alinitazama. Mimi nikatazama ukuta.

Nikajikaza, nikatoa wazo la kitaalamu. "Mama, kama ni kitu kimeganda juu ya jicho, mimi nakibandua. Kioo ni kioo. Nina kibanio chembamba, naingiza pembeni, nainua taratibu, kwisha."

"Hebu nionyeshe utakavyomshika," mama mkwe akasema.

"Kumshika?"

"Utambanduaje bila kumshika? Si wewe uliyemkaba chatu?"

Nikakumbuka kwamba nimeacha kitu stoo.

Kesho yake tulimwita daktari wa mifugo, kijana mmoja mpole mwenye viatu vya mpira. Kazi yake kubwa ni ng'ombe na mbwa, lakini alimtoa Utepe kwenye sanduku kama mtu anayeokota kalamu, akamwelekeza dirishani, akamulika macho yake kwa tochi ndogo.

"Gamba lake la mwisho mlilitupa?" akauliza.

Mama mkwe hatupi kitu. Alileta kopo lake la vifungo, akatoa kile kipande cha kichwa, kikavu, chembamba kuliko karatasi ya sigara. Daktari akakiinua kwenye mwanga.

"Njoo uone, bibi. Nyoka hana kope. Juu ya jicho lake kuna gamba linalopitisha mwanga, kama kioo cha saa, na kila akijivua, hilo nalo linatoka pamoja na ngozi. Hapa palipaswa kuwa na viduara viwili. Unaona nini?"

Bibi akakodoa macho yake mapya. "Matundu."

"Ndiyo. Viduara vimebaki machoni mwake. Lile la zamani limeng'ang'ania juu ya jipya."

"Kwa hiyo jicho lenyewe…?"

"Jicho lenyewe nadhani ni zima. Chini sioni usaha wala uvimbe. Ila likibaki hivyo, na akijivua tena likabaki la pili chini ya la kwanza, hapo ndipo litaharibika."

"Mzee huyu alitaka kubandua kwa kibanio," mke wangu akasema. Huwa ananisaidia hivyo.

Daktari akanigeukia haraka. "Mzee wangu, usithubutu! Utang'oa na la chini yake, na jicho litakwenda. Hili halitaki nguvu. Linataka unyevu." Akatikisa kichwa. "Ndicho kinachonishangaza. Kukwama huku ni kwa nyoka anayekaa pakavu. Bibi, unanyunyiza maji?"

"Kila asubuhi."

"Bakuli limejaa?"

"Limejaa."

Daktari akapitisha kidole kwenye kioo cha ndani. Kikavu, kisafi, kinalia. "Basi hili sanduku lina kasoro," akasema.

Nyie! Mtu anaweza kuniambia nimezeeka, sawa. Anaweza kuniambia masikio yangu makubwa, sawa. Lakini sanduku langu? Damu ilinipanda, na ulimi ukatangulia akili.

"Kijana," nikamwambia, "sanduku hilo nimelitengeneza kwa mikono hii. Ikionekana kosa limetoka kwangu, nitamvaa nyoka huyu shingoni kama tai, nitatoka naye barabarani mchana kweupe mpaka kwa Wembe, na nitakaa naye nikinyolewa!"

"Tumesikia," mama mkwe akasema.

Nilipomaliza kusema ndipo vile vipakiti vikanijia akilini. Viliniingia taratibu, kimoja kimoja, kwa uzi.

Daktari alitupa maagizo. Utepe atiwe kwenye chombo cha plastiki chenye matundu, ndani yake kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, apite humo kila siku, apenyepenye. Asilazimishwe kula. Akijivua tena, na ngozi ikiwa laini, viduara vya zamani vitatoka pamoja na vipya. "Na kama havitatoka?" bibi akauliza. Daktari akasema tungoje kwanza tuone.

Mama mkwe alikata shuka lake bora kabisa, lile alilofunikia cherehani, akamshonea Utepe kifuko. Kifuko cha nyoka, chenye pindo! Nikamwona anavyotunga uzi, nikajua lazima nivitoe vile vipakiti kabla Utepe hajarudishwa mle ndani. La sivyo vitanywa unyevu wote tena, na yule mtoto atapofuka kwa ajili ya chai yangu.

Mchana mama mkwe alipojilaza, Utepe akiwa kwenye chombo chake, nikalivamia sanduku. Nikainua gome.

Hakuna kitu.

Nikapekua chini ya bakuli, nikapekua udongo wote. Hakuna kipakiti, hakuna uzi. Nikaketi sakafuni. Wazo moja tu lilinijia: amevimeza. Siku ile ya kuuma ovyo, macho hayaoni, amemeza vipakiti vyote, na sasa vinamnyonya maji akiwa tumboni kama vilivyonyonya sanduku.

Nilikwenda kwa daktari kwa miguu, bila kofia. Nikamkuta anamkata mbwa kucha.

"Daktari," nikasema, "nina rafiki yangu. Ana nyoka."

"Mh."

"Huyu rafiki anataka kujua, kwa mfano tu, nyoka akimeza kipakiti cha zile chembe za kukausha, atakufa?"

Daktari aliendelea na kucha. "Nyoka wa rafiki yako ana unene gani?"

"Kama… tuseme kama kamba ya kiatu."

"Na kipakiti?"

"Kama cha majani ya chai."

"Mzee wangu, hiyo ni kama wewe umeze godoro. Hawezi. Mwambie rafiki yako alale." Akainua macho. "Na mwambie avitoe."

"Havipo!"

"Basi kuna mwingine amevitoa," akasema, akamgeuza mbwa upande wa pili.

Nilirudi nusu mzima. Havimo tumboni mwa nyoka, sawa, lakini viko wapi? Nyumba ina watu watatu. Nilimtazama mke wangu, anakuna nazi. Nilimtazama mama mkwe, anamsemesha Utepe: "Penya hapo, mwanangu, penya. Usiogope giza, ni kitambaa tu." Hakuna aliyenitazama kwa jicho la ajabu. Nikajitia hamnazo.

Siku zikapita. Nimewahi kusubiri mke wangu akijifungua, nimewahi kusubiri fundi wa maji, lakini sijawahi kusubiri kama nilivyosubiri gamba la nyoka yule. Hata kwa Wembe niliacha kwenda. Kila asubuhi nilikuwa namnyunyizia maji mwenyewe, kwa umbali wa heshima, na vioo vikipata ukungu nilikuwa naushukuru. Ndiyo, mimi. Nilikunywa chai yangu mbele ya ukungu mzito mpaka kikombe changu kikawa hakionekani.

Asubuhi moja tulisikia mama mkwe anapiga kelele.

Tulikimbia. Mke wangu alitangulia na mwiko mkononi. Bibi amesimama dirishani, amenyanyua kitu kirefu, cheupe, chembamba, kinapepea. Gamba. Zima, kutoka mkia mpaka pua, kama soksi.

"Njooni muone!" anasema. "Njooni muone wenyewe, msiniambie ni macho yangu!"

Kwenye kichwa cha lile gamba palikuwa na viduara viwili vya mviringo, vimetulia kama vioo vya miwani ya mtoto wa sisimizi. Na nyuma ya kila kimoja, kimegandana nacho, kuna kingine, cha manjano, kilichozeeka. Vinne vyote vimetoka.

Ndani ya kifuko, kichwa kidogo kilitokeza. Macho meusi, yanang'aa kama shanga zilizopakwa mafuta. Mama mkwe akapitisha kidole hewani kulia; kichwa kikafuata kulia. Kushoto, kikafuata kushoto. Akamletea kipanya. Utepe akapima, akajirusha mara moja, hakukosea.

Bibi alikaa chini pale pale, akacheka, machozi yanashuka mashavuni bila kuyapangusa. Mke wangu akaweka mwiko chini, akamkumbatia. Daktari alipokuja jioni kumtazama, akasema mzima kabisa, nikajikuta namshika mkono siuachii.

"Basi yamekwisha!" nikasema. "Tumshukuru Mungu. Nani anataka chai?"

"Ngoja kwanza, mkwe," mama mkwe akasema.

Akaenda chumbani. Akarudi na kopo la vifungo, akalifungua juu ya meza, mbele ya daktari, mbele ya binti yake. Katikati ya vifungo, vimepangwa kwa adabu, na uzi wake umefungwa kitanzi: vipakiti vyangu.

Nikatazama ukuta. Ukuta haukunisaidia.

"Mama… umeviona lini?"

"Siku ile ile daktari alipoondoka. Niligeuza gome kabla yako. Na wewe na fimbo yako nilishakuona zamani. Ulidhani nimelala? Mkwe, mimi nilikaa gizani muda mrefu. Nikipewa macho, nifumbe mchana?"

"Kama uliniona na fimbo, mbona hukusema?"

"Nilidhani unafuta vioo tu. Nikasema mwache, ndiyo ugonjwa wake. Sikujua unamkausha mtoto." Sauti yake ikakatika kidogo, halafu ikarudi. "Na nilipojua, nikasema kwanza apone. Nikikugombeza na yeye bado haoni, nitakugombeza vibaya."

Hapo sikuwa na mzaha. "Nisamehe, mama," nikasema.

"Nimeshakusamehe. Nilikuona unavyomnyunyizia." Akafunika kopo. "Sasa, ile tai."

"Tai gani?"

"Daktari, alisemaje?"

"Alisema shingoni," daktari akajibu. "Mchana kweupe."

"Na rafiki yangu…" nikaanza.

"Rafiki yako naye aje," daktari akasema.

Kesho yake mchana, mtaa mzima ulikuwa nje. Nadhani mke wangu alipiga simu. Mama mkwe alinivalisha Utepe mwenyewe, akimweka sawa shingoni mwangu kama anayempima bwana harusi kola. Nilitegemea ubaridi na utelezi. Kilikuwa kitu kikavu, laini, chenye uzito wa fununu. Nikatembea. Bibi kando yangu, kidevu juu, amevaa gauni lake la sherehe.

Kibandani kwa Wembe wazee wote walisimama. Nikaketi kitini. Wembe akabaki ameshika shuka, hajui alifunge wapi. Utepe akapanda taratibu mpaka nyuma ya sikio langu, akanigusa na ulimi, akanitazama kwenye kioo cha ukutani kwa macho yake mawili meusi, safi, yasiyo na hata chembe ya ukungu.

"Mzee Kioo," Wembe akauliza, "yule chatu wako alikuwa mkubwa kuliko huyu?"

Nikafungua kinywa. Kwenye kioo nikamwona mama mkwe amesimama nyuma yangu, amekunja mikono, ananitazama bila kupepesa.

"Mdogo kidogo," nikasema.